Poda ya Bi Harusi

Daftari la chumba namba nne lina safu sita. Ya tano ni ya saini ya aliyempima mgonjwa. Ya sita ni ya jicho la pili, yaani mpimaji mwingine ambaye sharti athibitishe kila habari mbaya kabla haijatoka mlangoni. Kwenye mstari wa Alhamisi moja, safu ya tano ina saini ndefu yenye mkia wa majivuno. Ya sita ina herufi mbili tu, zimebanana kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja, na zimeandikwa kwa haraka isiyokuwa desturi ya mwenyewe.

Mwenyewe ni mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Tena. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo aliitumia katika chumba chenye mapazia mazito, akipima watu kwa ultrasaundi. Jina alipewa na wagonjwa. Mtu akidhani kazi imekwisha, ameshanyoosha mkono kuchukua nguo zake, husikia: "Tena, mama. Nigeukie ukutani." Akigeuka, akirudi, akishusha pumzi: "Tena kidogo." Mumewe alikuwa na utani wake wa miaka mingi, kwamba siku ya ndoa yao, alipoulizwa kama amekubali, Bi Tena aliomba swali lirudiwe.

Mashaka hayo yalikuwa na chimbuko. Baba yake alikuwa mpiga picha mwenye studio ya chumba kimoja, na sebuleni kwao ilitundikwa picha ya familia iliyopigwa kwa kamera ya zamani sana, ile ambayo jicho lake liliachwa wazi sekunde mbili nzima. Picha inaonyesha watu saba waliokaa wima kama vijiti vya kiberiti. Mbele yao, juu ya zulia, kuna ukungu mweupe wenye kimo cha mtoto. Nyuma, kwa penseli, baba aliandika: "Wanane. Mmoja ametikisika." Aliyetikisika ni kitinda mimba wa nyumba ile, na tangu siku picha ilipooshwa hajaitwa jina jingine ila Wingu. Baba alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba picha ikipendeza kupita kiasi, mtu aulize nani ametolewa. Wengine walicheka. Bi Tena, aliyekuwa na miaka tisa, aliuliza.

Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi na mashine waliyoiita Bibi. Bibi alikuwa na sura mbaya. Kioo chake kilijaa chembechembe, kama mvua inayopiga juu ya bati, na ndani ya mvua hiyo mpimaji alipaswa kutafuta ini, figo, au mtoto. Lakini alikuwa mwepesi: kitu kikisogea mwilini, kilisogea na kiooni papo hapo. Kisha ikaletwa mashine mpya, nyeupe, imefunikwa kitambaa cheupe, na kabla haijachomekwa kwenye umeme ilikwisha kuitwa Bi Harusi. Bibi akasukumwa stoo, akabandikwa karatasi: YA KUFUTWA.

Hapa panahitaji maelezo kidogo. Mashine ya ultrasaundi hupiga picha nyingi ndogo kila sekunde, na hesabu yake huonekana kwa tarakimu za udogo wa sisimizi kwenye pembe ya kioo. Mpimaji akitaka picha iwe pana, ifike chini zaidi na iwe kali kila mahali, mashine huchukua muda mrefu kuijenga kila moja, na hesabu hushuka. Zaidi ya hapo kipo kitufe kinachochanganya picha kadhaa zilizofuatana kuwa moja, ili chembechembe zifutike na sura ilainike. Wapimaji wa chumba namba nne walikiita poda. Kwa Bibi, poda ilikuwa haifiki mbali. Ilikuwa kama kumpaka poda mwashi aliye kazini. Kwa Bi Harusi ilifika hadi saba. Fundi aliyekuja kuifunga mashine aliiweka saba tangu siku ya kwanza, kwa kuwa Daktari Mkuu alitaka akina mama waondoke na picha za kuonyesha nyumbani, na namba hiyo ikahifadhiwa ndani ya kitufe cha mimba. Kila aliyebonyeza kitufe cha mimba alibonyeza na poda bila kujua.

Mwenzake wa chumbani, mwanamume wa miaka arobaini aliyetoka hospitali ya watu binafsi, alifurahi sana. Ndiye mwenye saini ya mkia. Picha zake zilikuwa safi kiasi kwamba wagonjwa walimwita Fundi Picha, naye hakukataa.

"Inapendeza mno hii," Bi Tena alimwambia katika wiki ya kwanza, amekunja mikono.

"Sasa dada, kupendeza nako ni kosa?"

"Sijasema kosa. Nimesema mno."

"Wewe hata ukifika peponi utauliza mlango wa kutokea uko wapi."

"Nitauliza. Na wewe utakuja kunishukuru."

Shaka alikuwa nalo, ila alilielekeza kusiko. Katika wiki tano za Bi Harusi, daftari liliandikwa mara saba kwamba mapigo ya moyo wa mimba changa hayakuonekana. Enzi ya Bibi, muda kama huo ulikuwa na habari mbili au tatu za aina hiyo. Bi Tena alihesabu, akahesabu tena, na kidole chake kikamwangukia Fundi Picha. Ana haraka, alijiambia, na hata mimi huniharakisha ninapothibitisha. Anapenda picha kuliko mgonjwa. Akaanza kusimama nyuma yake wakati wa kazi. Akaanza kupekua karatasi zake wakati wa chai. Fundi Picha si mtoto, aliliona hilo, na kwa siku kadhaa walizungumza kwa adabu iliyozidi, ile ya watu wanaoombana radhi kabla ya kukanyagana.

Hali ilikuwa hiyo siku alipoingia mshona nguo.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwenye cherehani mbili nyuma ya hospitali. Sare ya buluu aliyovaa Bi Tena siku hiyo ilitoka mikononi mwake. Mimba mbili zilikwisha kumtoka. Hii ya tatu ilikuwa na wiki saba, na alikuwa ameona damu kidogo. Alikuja na mama mkwe wake, mzee mwenye mkoba mkubwa ambao hakuuachia hata alipoombwa kukaa.

Fundi Picha alimpima kwa kipimo cha ndani. Akapima urefu: milimita nane. Kwa urefu huo moyo hupaswa kuonekana, na hapakuonekana kitu. Akamwita jicho la pili.

Bi Tena alishika kipimo akiwa tayari kumkamata mwenzake kwa kosa. Alitazama dakika tatu kamili kwa saa ya ukutani. Mimba ilionekana wazi, nzuri, yenye kingo laini kama punje iliyomenywa, na ilikuwa imetulia tuli. Upo mstari wa kupimia mapigo, lakini mstari huo huwekwa pale ambapo jicho limeshaona kitu. Jicho halikuona, mstari haukuwekwa. Mshona nguo alikuwa akitazama dari.

"Semeni tu," alisema. "Nimezoea kurudishiwa kazi."

Kisha kwikwi ikampanda, mwili ukatikisika, na kiooni picha nzima ikayumba. Iliyumba ikichelewa, ikiburuta mkia, kama mafuta yanayotiririka ubaoni. Bi Tena aliliona hilo. Hakulielewa. Kilichomjaa wakati huo ilikuwa aibu: alimshuku mwenzake wiki nzima, na mwenzake alikuwa sahihi. Akachukua kalamu, akaweka herufi zake mbili bila kusema "tena". Saini ile, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa nusu ushahidi, nusu kuomba radhi.

Daktari akaandika kwamba mgonjwa alazwe, na asubuhi asafishwe kizazi.

Jioni hiyo Wingu alipita nyumbani kwa dada yake kurudisha sufuria. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa hesabu, na hakuweza kupita mbele ya ile picha ya familia bila kuilalamikia.

"Mpaka leo mnaninyima haki yangu. Watu saba, watu saba! Mimi nilikuwepo bwana. Nilikuwa nacheza tu."

Bi Tena alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina hadi kikombe kikafurika.

"Umesemaje?"

"Nini tena? Nimesema nilikuwepo. Nilikuwa nacheza."

Neno hilo Bi Tena alilisikia kila siku ya kazi. Anacheza? huuliza akina mama, shingo zimegeukia kioo. Mtoto wangu anacheza? Moyo wa mimba ndogo kama ile hupiga zaidi ya mara mbili kwa sekunde. Alichukua penseli mkobani mwa Wingu, akaandika nyuma ya bahasha. Mashine ikipiga picha tisa tu kwa sekunde, kama alivyokumbuka kwenye pembe ya kioo, na poda, ile saba aliyoiacha fundi, ikachanganya saba kuwa moja, basi karibu mapigo mawili mazima, kujikunja na kukunjuka, yanapondwa ndani ya picha moja. Kilichotulia kitabaki na kung'aa. Kinachocheza kitafutika. Na jicho la pili, alilokuwa akijivunia, lilitazama kupitia dirisha lilelile la jicho la kwanza. Mashahidi wawili walionakili karatasi moja ni shahidi mmoja.

Alipiga simu wodini. Muuguzi wa zamu alimjibu kwa upole kwamba mgonjwa angewekewa vidonge vya kulegeza njia saa moja asubuhi na kuingizwa chumba cha upasuaji saa tatu. Kama kuna mabadiliko, yeye angetaka karatasi ya daktari. Daktari hakupokea simu. Vidonge vikishawekwa, hata kama moyo unapiga, hakuna wa kuvirudisha.

Saa kumi na mbili asubuhi Bi Tena alikuwa stoo. Gurudumu moja la Bibi lilikuwa limekufa, na mashine ile ililia korido nzima kama mbuzi anayevutwa sokoni. Mlangoni mwa wodi alisimama Sista, mkuu wa wauguzi wa wodi hiyo, mwanamke mrefu, mwenye sinia mkononi. Kwenye sinia palikuwa na kikombe kidogo cha vidonge.

"Bi Tena, hiyo si imefutwa?"

"Karatasi imebandikwa. Kufutwa bado. Nipe dakika kumi na mshona nguo."

Sista aliweka sinia mezani, akafungua faili. "Hapa pana saini mbili. Hii ya pili ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo unakuja kujipinga mwenyewe?"

"Ndiyo maana nimewahi. Kama ningekuwa nampinga mwingine ningengoja kikao."

"Na usipoona kitu? Utakuwa umempa matumaini mtu aliyelia usiku kucha."

"Sitampa. Sitasema neno."

Sista alitazama saa iliyobanwa kifuani pake. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini. "Saa moja ni saa moja," alisema, akafungua pazia.

Mshona nguo alikuwa amekwisha kuvishwa gauni la wodi. Macho yalikuwa yamevimba. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti kilekile, na mkoba uleule.

"Jana mlisema imekwisha," mzee alisema. "Leo mnarudi na chuma chakavu. Mnamfanyia majaribio mkwe wangu?"

"Hapana, mama. Naomba kuangalia tena."

"Tena? Ya jana mliangalia nini?"

Swali lilikuwa halali. Mshona nguo ndiye aliyesema, bila kugeuza kichwa: "Muache aangalie, mama. Nguo ikishakatwa haikatwi mara mbili."

Bibi aliwaka taratibu, akakohoa, akanyesha mvua yake. Bi Tena alibana picha ikawa nyembamba, akapunguza kina, akatazama kwanza ile pembe ya tarakimu ndogo: thelathini na moja kwa sekunde. Kisha akashuka ndani ya mvua. Akapata mfuko wa mimba, kingo zimechakaa. Akapata ile punje, imepauka, haina uzuri wowote. Katikati ya punje palikuwa na kitu.

Hakukiamini. Aliondoa mkono, akarudi upande mwingine. Kilikuwepo. Aliomba mgonjwa azuie pumzi, isije ikawa ni pumzi yake inayosukuma. Kilikuwepo. Aliweka mstari wa mapigo, ukachora vilima vidogo vinavyofanana: mia moja thelathini na mbili kwa dakika. Hata hapo hakusema.

"Sista, njoo. Usiniulize naona nini. Niambie wewe unaona nini."

Sista aliinama hadi pua ikakaribia kioo.

"Naona kama kuna kitu kinakonyeza."

"Mnakonyezana nini huko?" mama mkwe alifoka. "Semeni na sisi tusikie!"

"Anacheza, mama," alisema Bi Tena. "Mjukuu wako anacheza."

Mkoba ulianguka. Mshona nguo hakulia wala hakucheka. Alimshika Bi Tena mkono wa sare, akaukamata mshono aliouweka yeye mwenyewe, na kwa muda mrefu hakuuachia. Sista alirudi mezani, akakitazama kile kikombe cha vidonge, akakipeleka kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Fundi Picha alifika saa moja na nusu, habari zikiwa zimemtangulia.

"Umekwenda kumfufua Bibi stoo ili unizike mimi?" "Saini yako si ipo, dada? Ipo au haipo?"

"Ipo. Nimekosea kama ulivyokosea. Njoo na Bi Harusi wako."

"Ili aaibike mbele za watu?"

"Ili tujue ni yeye au ni sisi."

Walimwomba mshona nguo ruhusa. "Hata mara kumi," alisema. "Leo siwezi kuchoka." Fundi Picha alipima kama jana, kwa kitufe cha mimba: picha nzuri, tuli. Bi Tena alimwonyesha pembe ya kioo. Tisa. Akamwambia aondoe poda. Mkono wake ulisita juu ya kitufe, kisha akashusha, saba, tano, mbili, sifuri. Akabana upana, akapunguza kina. Tarakimu zilipanda hadi arobaini na nne. Bi Harusi akapoteza uzuri wake mbele yao, chembe kwa chembe, na ndani ya ule ubaya moyo ukaonekana ukidunda.

Fundi Picha alikaa kwenye stuli. "Alikuwepo jana," alisema. "Nimemtazama usoni."

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na wengi hospitalini huimalizia hapo. Mshona nguo alijifungua mtoto wa kike, na Bibi aliyetolewa stoo alishonewa kifuniko cha buluu, chenye mfuko wa mbele ambao hakuna aliyejua ni wa kutia nini. Lakini daftari lilikuwa na mistari saba.

Siku ileile ya Ijumaa, wawili hao walifunga mlango na kuipitia. Mmoja ulikuwa wa mshona nguo. Wanawake wawili walikuwa hawajasafishwa. Waliitwa, wakapimwa bila poda, na mara hii utulivu ulikuwa wa kweli: hapakuwa na moyo unaopiga. Wanne waliobaki walikwisha kusafishwa. Za kwao zilikuwepo picha zilizochapwa, nne, nzuri sana. Picha iliyochapwa haiwezi kuulizwa kama kitu kilikuwa kikicheza.

"Huenda wote walikuwa wamekwenda kweli," alisema Fundi Picha.

"Huenda."

"Wengi wao hasa. Hesabu inasema hivyo."

"Inasema wengi. Haisemi wote."

Katika mistari ile minne, mitatu ilikuwa na herufi mbili za Bi Tena; wa nne ulithibitishwa na mpimaji wa zamu ya usiku. Alichukua penseli, akaweka kando ya kila mmoja wa ile minne alama ndogo ya kuuliza. Jumatatu akalipeleka daftari kwa Daktari Mkuu pamoja na barua ya ukurasa mmoja, akieleza poda, tarakimu, na haja ya kuwaita wale wanne na kuwaambia.

Daktari Mkuu alisoma kwa makini. Alimpongeza kwa ajili ya mshona nguo. Aliahidi kwamba suala la wale wanne lingepelekwa kwenye kamati. Kisha akalivuta daftari karibu, akasugua alama moja taratibu kwa ncha ya kidole.

"Hii ni penseli?"

"Ni penseli, daktari."

"Vizuri. Iacheni hivyohivyo kwa sasa."

Bi Tena alisema ahsante, akatoka na daftari kwapani. Koridoni alisimama kidogo, akayarudia maneno yale moyoni, kama anavyorudia kila kitu: iacheni hivyohivyo. Kwa sasa.

Alipoingia chumba namba nne, Fundi Picha alikuwa akipiga mistari kwa rula kwenye daftari jipya, akiongeza safu ya saba yenye kichwa cha maneno mawili: Poda ngapi. Bi Tena aliweka lile la zamani mezani, akafungua ukurasa, akachukua kalamu ya wino. Alizipitia alama zake nne moja moja, polepole, wino juu ya penseli, akikandamiza hadi upande wa pili wa karatasi ukatoa vinundu. Chini yake akaandika tarehe na herufi zake mbili, safari hii zimeachana, zinasomeka.

Fundi Picha alimtazama. Alijua wino ule ulikuwa unamtia na yeye hatiani.

"Hapo panahitaji jicho la pili," alisema, akanyoosha mkono apewe kalamu.